Swali la lugha: Fungua bandari, poti au lango?

SWALI: Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi, Mtwara mjini. Mteja wangu wa Mikindani anataka kuona duka lake kwa simu akiwa safarini, nikamwandikia: "Ingia kwenye ruta, fungua bandari ya 8000 uipeleke kwa rekoda." (Ruta ni kifaa kinachogawa intaneti dukani; rekoda ni kile kinachohifadhi picha za kamera.) Akanipigia akicheka: bandari ipi, hii ya korosho? Niandikeje?

JIBU: Ndugu fundi, mteja kacheka kwa haki. Mtwara ukisema bandari, mtu anaona meli na makontena. Andika poti, yaani mlango wenye namba ambao mawasiliano ya mtandao hupitia, kama mnavyosema wenyewe kazini. Ngeli yake ni I-ZI: poti imefungwa, poti zimefungwa. Lango si neno baya, ila wengi wanaita hivyo anwani ya ruta yenyewe, na anwani hiyo imo pia kwenye ukurasa wa mipangilio. Utamchanganya bure.

Mimi nimekwama zaidi kwenye hiyo "ya". Chumba cha 5 ni cha tano kwa kuhesabu. Chumba namba 5 ni chenye 5 mlangoni, hata kama jengo lina vyumba vitatu. Kwa poti ni hivyohivyo. Namba zake zinaanzia 0 hadi 65535, kwa hiyo mwenye kuhesabu kwa uaminifu atakuta poti ya 8000 ni namba 7999! Ukiiondoa "ya" bado hujapona: "fungua poti 80" yaweza kusomwa poti themanini. Andika poti namba 8000, basi.

Halafu "uipeleke". Poti haiendi popote. Yanayokwenda ni mawasiliano yanayoipitia, na ruta inayaelekeza. Tena kwa ya kuonyesha mahali pa kwenda ni ya watu: kwa shangazi, kwa fundi. Kifaa kinataka kwenye. Ningeandika hivi:

"Kwenye ruta, elekeza mawasiliano yanayoingia kupitia poti namba 8000 yaende kwenye rekoda, anwani 192.168.1.50, poti namba 8000."

Anwani hiyo uifunge isibadilike, na nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla ya yote, maana poti ikishafunguliwa hata asiyealikwa atabisha hodi. Na kama ruta inatumia laini ya simu, uliza kwanza: kampuni nyingi za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma (ile inayoonekana kwenye intaneti), mawasiliano ya nje yasifike kwenye ruta yako, na hapo hata Kiswahili sanifu hakitafungua kitu.