Ukitaka umri wa mawe chokaa, usikimbilie maabara

Wanafunzi wa jiolojia huniuliza swali lilelile: nipeleke wapi jiwe langu nijue lina miaka mingapi? Wengine hutaja kaboni 14, kaboni yenye mnururisho inayotumika kupima umri wa masalia ya viumbe. Hiyo iacheni. Ikipita miaka 50,000 hivi haina la kusema, na chokaa yenye visukuku ya Kilwa na Lindi ni ya mamilioni ya miaka.

Kinachofaa ni strontiamu, elementi ya metali. Bahari hubeba isotopu zake (aina zake zinazotofautiana kwa uzito), 87 na 86, kwa uwiano mmoja dunia nzima, na viumbe huuchukua uwiano huo wanapojenga magamba yao. Umebadilika polepole enzi kwa enzi. Leo uwiano wa 87 kwa 86 ni takriban 0.7092. Tatizo linakuja hapa: maabara ikikurudishia 0.7078, jibu hilo linaangukia mwisho wa enzi iitwayo Kretasia, miaka milioni 66 iliyopita, na pia mwisho wa enzi ya Eosini, kama milioni 34. Wa kuamua ni kisukuku.

Ndiyo maana mimi huanza na lenzi ya mkono. Lowesha jiwe, kisha ligeuzegeuze juani. Ukiona visahani bapa mithili ya sarafu, na vilivyovunjika vinaonyesha vyumba vidogo vilivyojipanga kwa mzunguko, hizo ni Nummulites, magamba ya viumbe vya bahari vya kale, ambavyo havikuwepo Kretasia; basi jibu la Kretasia limeondoka. (Zimejaa kwenye mawe ya piramidi za Giza, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba watu walidai ni masalia ya chakula cha wajenzi yaliyogeuka jiwe.) Kagua kingo pia. Zikiwa zimesagika, huenda zilisombwa kutoka tabaka kongwe zaidi, na tabaka lako ni changa kuliko zenyewe.

Kwa kipimo cha strontiamu, tafuta gamba la chaza, sehemu ile ngumu inayong'aa. Inayochubuka kwa ukucha iache. Matumbawe ya kale usiyaguse: maji ya mvua yakishageuza aragonaiti, madini yaliyojenga matumbawe, kuwa kalsaiti, madini mengine ya chokaa, strontiamu ya mwanzo imevurugika. Omba manganizi, metali nyingine, ipimwe pia. Ikiwa juu, maji ya ardhini yamepita humo, tupa sampuli.

Halafu kuna suala la fedha. Kuanzia Oligosini, enzi iliyofuata Eosini, mstari wa uwiano wa strontiamu unapanda kwa kasi, kwa hiyo umri unasomeka vizuri, na kwa mawe ya Oligosini na Miosini iliyoifuata gharama inalipa. Kwenye Eosini mstari huo umelala karibu tambarare. Hapo bora ulipie vipande vyembamba vya hadubini, umpelekee mtu anayezijua foraminifera, viumbe vya bahari vya seli moja ambavyo Nummulites ni mojawapo.