Maswali ya Wasomaji: Safari ndefu kwa pikipiki inamfaa kila dereva?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mimi ni dereva wa bodaboda Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa. Pikipiki yangu ni Boxer 150. Desemba nataka kwenda nayo nyumbani Mbeya badala ya kupanda basi. Nitoke saa 10 alfajiri, nilale nyumbani siku hiyohiyo. Baba mdogo amekataa katakata, anasema safari za namna hiyo si za kila mtu. Mnasemaje?

JIBU: Baba mdogo msikilize, hasa kwenye hilo la siku hiyohiyo. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Boxer ukiibana inafika 90, lakini injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo haifai kubanwa kutwa nzima. Mwendo wake wa kudumu ni 60 hadi 70. Ukiingiza humo matuta, rasta, vijiji vya kilomita 50 kwa saa, foleni za malori kwenye mizani, mlima Kitonga, kujaza mafuta na kula, wastani unashuka hadi 45 au 50. Hizo ni saa 17 juu ya siti. Giza litakukuta Makambako, na kipande kilichobaki cha kupitia Igawa na Chimala utakipita usiku na malori ya Zambia na Kongo, baada ya saa 14 za upepo na mtikisiko.

Igawe safari siku tatu. Ya kwanza Dar hadi Mikumi mjini, kama kilomita 300. Ya pili Mikumi hadi Iringa, kama 200. Ni fupi makusudi kwa sababu ya Kitonga. Ya tatu Iringa hadi Mbeya, zaidi kidogo ya 300. Kila siku ondoka saa 12 asubuhi kukishapambazuka, na saa 9 alasiri uwe umeshaegesha. Desemba nyanda za juu kusini ziko kwenye mvua, na mara nyingi mvua hiyo hushuka mchana kuelekea jioni. Kati ya Iringa na Makambako sehemu kubwa iko juu ya mita 1,500, hivyo ukilowa pale unatetemeka, na vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki kwa wakati. Koti la mvua na glavu ziwe juu ya mzigo, zisiwe chini yake.

Miaka sita ya bodaboda ni mtaji mkubwa, ila haikufundishi kila kitu. Mjini unakwenda dakika 10, unashusha abiria, unanyoosha mgongo, unasubiri mwingine. Barabara kuu inadai macho yakae kazini saa mbili mfululizo huku mbele kukiwa kulekule. Kwa hiyo jipime kabla. Chukua siku mbili zinazofuatana, kila siku nenda Chalinze na kurudi, kama kilomita 220, ukipumzika dakika 15 kila baada ya saa moja na nusu. Siku ya kwanza karibu kila dereva anaimaliza. Jibu liko asubuhi ya pili: viganja bado vina ganzi? Kiuno kinakataa kuinama? Kuna kipande cha njia umekipita na hukikumbuki? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana usingizi wa sekunde chache huanza hivyo. Likikutokea, panda basi mwaka huu, na uongeze umbali taratibu.

Sasa pikipiki. Mwaga oili siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia, ili kama boliti ya kumwagia inavuja uigundue ukiwa Tabata. Injini hii inachukua takriban lita moja tu, na mwendo mrefu unaipunguza, kwa hiyo ipime kila asubuhi. Ikipungua robo lita, robo nzima ya ulinzi wa injini imeondoka. Beba chupa ya akiba ya oili ileile.

Cheni ndiyo inayokwamisha wengi, na huwa ni ya kulegea au ya kukazwa kupita kiasi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gia huru, sukuma cheni ya chini katikati kwa kidole. Icheze kama sentimita 2.5 hadi 3.5. Zungusha gurudumu taratibu upime tena sehemu nne, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Pima kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi. Ukiikaza sana, ukishapanda na mzigo shokapu zinashuka, cheni inazidi kuvutika hadi inakula beringi ya sproketi ya mbele au inakatika. Ikilegea sana inaruka meno na kujikunja kwenye sproketi hiyo. Hapo gurudumu la nyuma linafunga ghafla, na kasha la injini linaweza kupasuka. Angalia na kilipu ya kiungo cha cheni: upande uliozibwa utangulie cheni inakoelekea, upande ulio wazi ufuate. Ikigeuzwa, inachomolewa na kitu chochote kitakachoigusa. Kilipu moja ya akiba haina uzito wowote mfukoni, ibebe. Paka oili ya gia namba 90 jioni cheni ikiwa bado ya moto, upande wa ndani, halafu ifute. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini usiipake, ina unga wa chuma.

Vingine vya kubeba: tyubu mbili (ya mbele na ya nyuma, saizi hazifanani), vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu, viraka na solusheni, plagi moja, waya wa klachi, spana ya ekseli. Kama hujawahi kutoa tairi la nyuma mwenyewe, lifungue mara mbili nyumbani. Katikati ya hifadhi ya Mikumi si mahali pa kujifunzia. Barabara inapita humo kwa takriban kilomita 50, kikomo ni 70 mchana na 50 usiku, na nyani hukaa lamini wakitarajia chakula. Tembo akiwa karibu na barabara, simama mbali na usizime injini. Usimpigie honi.

Mzigo usizidi kilo 15, ukae karibu na mgongo wako. Begi zito likining'inia nyuma ya taa ya nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kutikisika ukifika 70. Ncha za mpira wa kufungia zifunge fundo. Mpira ukiachia unaingia kwenye cheni.

Barabarani, ogopa mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori kwenye lami. Tairi lako jembamba likishuka humo, usijaribu kutoka kwa kuegemea kidogokidogo, linateleza kwenye ukingo. Punguza mwendo, kisha vuka kwa pembe iliyo wazi. Vioo vyote viwili virudishe. Tunajua bodaboda wengi huviondoa ili wapenye kwenye foleni, lakini huku basi linakuja nyuma yako likiwa na 80 na dereva anataka umpishe.

Kitonga ukipanda, jipe nafasi nyuma ya lori. Lililozidiwa mlimani linaweza kurudi nyuma, na kwenye kona humwagika dizeli. Wakati wa kurudi, shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikishikilia. Wanaozima injini kuokoa petroli wanaiachia kazi yote breki ya ngoma: inapata moto, pedali inazidi kuzama, na kona inayofuata breki haipo. Petroli ya safari nzima ya kwenda haizidi sana lita 21, kwa hesabu ya kilomita 40 kwa lita. Kiasi hicho hakistahili kuokolewa kwa njia hiyo.

Ukiona huwezi kupata siku tatu za kwenda na tatu za kurudi, panda basi. Mwenye tarehe ya kuwahi ndiye asiyefaa kabisa kwa safari hizi, hata awe fundi wa kuendesha kiasi gani, kwa sababu ataendesha akiwa amechoka na ataendesha usiku.

SWALI: Mimi ni mwanamke, mfupi, miguu yangu haikanyagi chini yote miwili. Ndugu zangu wanasema nisithubutu kutoka mkoani kwetu Morogoro. Ni kweli?

JIBU: Hapana, dada. Mguu mmoja ukikanyaga vizuri unatosha. Pikipiki huwaangukia wafupi wakati wa kusimama, si wakati wa mwendo. Basi chagua pa kusimama: tambarare, pasipo kokoto, mguu wa kushoto ukiwa upande wa juu wa mteremko, wa kulia ubaki kwenye breki. Mzigo uwe mwepesi na wa chini. Vipimo vingine ni vilevile tulivyomwandikia ndugu wa Tabata.

SWALI: Nataka kwenda Tanga na mke wangu, na mtoto wa miaka minne akae katikati. Mnashauri nini?

JIBU: Wapande basi. Mtoto wa umri huo hafiki vikanyagio, helmeti ya kumtosha ni shida kupatikana, na akisinzia anakuvuta ubavuni.

SWALI: Nina kisukari na natumia insulini. Naendesha vizuri tu mjini. Je, nifute ndoto ya safari ndefu?

JIBU: Usiifute kabla ya kuongea na daktari wako, na muulize mambo mawili kwa jina: kushuka kwa sukari na ganzi ya miguu. Insulini, na vidonge kama glibenclamide, vinaweza kushusha sukari ghafla, na dalili zake (jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa) ni rahisi kuzidhania kuwa joto na uchovu wa njia. Pima kabla ya kuondoka na kila baada ya saa mbili. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kwanza. Ikiwa chini ya 4, usiendeshe. Kunywa soda yenye sukari au glukosi, kula, na baada ya kipimo kurudi sawa subiri dakika 45, maana akili huchelewa kutulia kuliko kipimo kinavyoonyesha. Glukosi ikae mfuko wa koti, si ndani ya begi.

Insulini haivumilii joto la zaidi ya nyuzi 30 kwa muda mrefu. Ibebe kwenye chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi, ikiwa imefungwa kitambaa, isigusane na barafu, na iwe mbali na eksozi. Vijiti vya kupimia navyo viweke kivulini. Kuhusu ganzi: kama unyayo wa kulia hausikii vizuri pedali ya breki ya nyuma, hata safari ya mjini iahirishe hadi daktari akuangalie.