Jibu: Kanisani huku ugenini najiona mgeni tu

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna maana ya kuwa mshirika wa kanisa huko ugenini, wakati kila Jumapili unatoka kama ulivyoingia. Nionavyo, shida si ibada. Bado umekaa kama mtazamaji. Omba kazi: kupanga viti, kwaya, watoto, kutembelea wagonjwa. Anayefika mapema kupanga viti hujulikana kwa jina upesi kuliko anayekaa nyuma mwaka mzima. (Na ukikosa Jumapili moja, kuna atakayekupigia simu.)

Soma Matendo 18. Akila na mkewe Prisila, Wayahudi, waliondoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi watoke Rumi. Wakafika Korintho, wakaendelea na kazi yao ya kushona mahema, na Paulo akakaa kwao. Ukifika 1 Wakorintho 16:19, unakuta kanisa linakutana nyumbani mwao. Waliofukuzwa kwao ndio wanaowakaribisha wengine! Hawakungoja kwanza wajisikie wenyeji.

Kutafuta kanisa la watu wa lugha yako si vibaya, faraja yake ni kubwa. Ila usijifungie humo. Katika Yeremia 29 mateka wa Babeli waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji ule.

Kama kanisa lako la zamani hutoa barua ya utambulisho, iombe umpelekee mchungaji wa huko. Mwone baada ya ibada. Kabla ya ibada akili yake yote iko kwenye mahubiri.