Tangazo la "usiozidi miaka 35"

Dada, umeuliza kama kampuni ya hapo Nakuru inaruhusiwa kuandika "umri usiozidi miaka 35" kwa kazi ya stoo, nawe una 47. Kwa kifupi: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inataja umri waziwazi kati ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, na inawabana watu binafsi pia, si serikali pekee. Tatizo ni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, ile ambayo mabosi huisoma, imeorodhesha rangi, dini, ujauzito, ulemavu na kadhalika, lakini neno umri halimo kwenye orodha ile. Ukidai, simama juu ya Katiba.

Watakutajia kifungu cha 55, kinachotaka vijana wapate ajira. Ni kweli kipo, na kijana kikatiba ni wa 18 hadi 34. Lakini hicho kinaiagiza serikali. Na serikalini kwenyewe watu wengi hustaafu wakiwa na miaka 60, kwa hiyo wewe bado una 13!

Piga picha tangazo leo kabla halijaondolewa. Tuma maombi hata hivyo, maana asiyeomba ana shida kusema alinyimwa. Mimi hapa Kisumu niliambiwa kwa mdomo tu "tunataka damu changa", nikabaki bila karatasi yoyote. Wasifu wako nao usiuanzie mwaka wa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Weka miaka kumi ya mwisho na hesabu ya mali uliyosimamia.