Mjomba, kuhusu Wachina wa Liverpool

Mjomba, shikamoo. Umeniuliza kwenye kundi la familia, mbele ya watu wote, kwa nini Mchina akitua nchi yoyote haipiti muda ana hoteli, na mimi mpaka leo nabeba boksi hapa Liverpool. Nakujibu humuhumu.

Hawa hawakuja jana. Kampuni ya meli ya Blue Funnel ilianza safari za China mwaka 1866. Mabaharia wakawa wanashuka hapa, wengine wakabaki. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, karibu mabaharia 20,000 wa Kichina walisajiliwa katika bandari hii. Walivusha mizigo ya Uingereza huku nyambizi za Wajerumani zikiwazamisha, kwa mshahara usiofika nusu ya Mwingereza wa kazi ileile, bila posho ya hatari. Hiyo posho waliipata baada ya kugoma, mwaka 1942.

Vita vikaisha. Oktoba 1945 maofisa wa serikali walikaa London wakapanga kuwaondoa. Watu walisakwa mitaani na mabwenini, wakapakiwa melini. Wapo waliokuwa wameoa hapa na kuzaa, na wake zao hawakuambiwa kitu, walidhani wametelekezwa. Watoto wamekuja kuujua ukweli uzeeni. Ripoti ya Wizara ya Mambo ya Ndani iliyokiri kwamba nguvu ilitumika imetoka 2022, Mjomba!

Hoteli unazozisema ni za miaka ya 1950 na 1960, walipokuja wakulima wa vijiji vya Hong Kong ambao mpunga ulikuwa haulipi tena. Baba anakaanga, mama anafungasha, mtoto wa shule anapokea oda kaunta mpaka usiku. (Chipsi zao za chumvi na pilipili ni tamu, nisiwanyime haki yao.) Na wengi wa watoto hao wakishasoma hawataki hata kulisikia hilo jiko.

Walichotuzidi nitakisema: ndugu walikopeshana mtaji. Sisi hapa tukiitana kuchanga, ujue kuna msiba au harusi. Mimi mwenyewe nikikusanya, inaondoka na kodi ya nyumba, ada za makaratasi ya uhamiaji, na simu za nyumbani.

Kwa hiyo mtaji wa hoteli sina, wala sitakopa benki ili nionekane. Ada ya mtoto nitatuma mshahara ukiingia. Bati zisubiri.