Maswali na majibu: keki ya jibini ya chokoleti yenye pombe ya krimu

Tangu nitoe kipimo cha keki ya jibini isiyookwa, ile ya matabaka, maswali hayajakatika. Wengi mmejaribu ikakubali, na nashukuru kwa salamu. Leo ni zamu ya waliokwama. Kwa ambaye kipimo kilimpita, ni hiki, kwa bati la sentimita 23 linalofunguka ubavuni.

Chini kabisa ni biskuti gramu 250 zilizosagwa na siagi ya kuyeyusha gramu 110. Tabaka jeusi: jibini laini gramu 300, sukari ya unga gramu 60, chokoleti nyeusi gramu 150, krimu ya kupiga mililita 200. Tabaka jeupe ni hivyo hivyo, ila chokoleti ni nyeupe, sukari ni nusu, na linaongezewa pombe ya krimu (Baileys, Amarula au ya aina hiyo) mililita 90 pamoja na jelatini gramu 5. Juu unamwagia chokoleti nyeusi gramu 100 iliyoyeyushwa kwa krimu mililita 80 na pombe mililita 30. Katika kila tabaka, chokoleti inayeyushwa, inapoa, inachanganywa na jibini na sukari, kisha krimu iliyopigwa ikasimama inaingizwa taratibu kwa mwiko.

Niliyeyusha chokoleti vizuri, nikasema niitie kijiko kimoja cha Baileys ladha ikolee. Hapo hapo ikakaza, ikawa bonge lisilokorogeka. Niliitupa yote. (Msomaji, Morogoro)

Pole sana, chokoleti si kitu cha kutupa kwa bei za sasa. Na haikuwa lazima uitupe.

Chokoleti iliyoyeyuka ni mafuta ya kakao yaliyobeba chembe kavu za kakao na sukari. Maji kidogo yakiingia, zile chembe zinalowa na kushikana, na ndilo bonge uliloliona. Pombe ya krimu ina maji mengi ndani yake, na kijiko kimoja kwa gramu 150 ndicho kiasi kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinatosha kuzilowesha chembe lakini hakitoshi kuzitenganisha. Kwa hiyo dawa yake ni kuongeza majimaji. Kila gramu 60 za chokoleti zinahitaji walau kijiko kimoja cha chakula cha majimaji, yaani kwa gramu 150 tia vijiko vitatu, au hata vinne.

Siku nyingine ikikukazia, pasha krimu kidogo, imimine kijiko kimoja kimoja na ukoroge kuanzia katikati. Mwanzoni bonge litakataa na mafuta yatajitenga pembeni, utaona kama unaharibu zaidi. Usiache kukoroga. Ukifika kijiko cha tatu au cha nne litalegea mara moja na kuanza kung'aa. Haitafaa tena kwa kuchovyea matunda, ila kwa keki hii inafaa kabisa.

Angalia pia bakuli na mwiko. Mwiko wa mbao uliooshwa sasa hivi una maji ndani yake hata kama juu umekauka. Na ukiyeyushia juu ya sufuria ya maji ya moto usifunike bakuli, mvuke utadondokea ndani.

Assalamu alaikum dada. Nyumbani kwetu pombe haiingii, lakini keki hii nimeipenda na nataka kuwaandalia wageni wa Idi. Rafiki yangu anasema pombe ya kwenye keki huwa imeshayeyuka, haina neno. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Waalaikum salaam, mdogo wangu. Si kweli, na nakushukuru umeuliza kabla ya Idi.

Keki hii haiendi motoni, kwa hiyo pombe haina pa kwenda. Hata kwenye vyakula vinavyopikwa haiondoki upesi kama watu wanavyodhani. Vipimo vinavyotumiwa na Idara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba pombe ikitiwa kwenye kitu kinachochemka kisha kikaepuliwa, takriban asilimia 85 inabaki. Kitu kikichemka polepole saa nzima, inabaki asilimia 25. Kikichemka saa mbili na nusu, bado kuna asilimia 5. Pombe za krimu nilizotaja zina kilevi asilimia 17. Mililita 120 za kipimo chetu zinabeba mililita 20 hivi za kilevi, na ukikata vipande 12 kila kipande kina pungufu kidogo ya mililita 2. Ni kidogo, sikatai. Lakini kwa asiyekunywa kwa dini yake, kwa aliyeacha pombe kwa taabu, kwa mjamzito au kwa anayetumia dawa zisizopatana na pombe, uamuzi wa kula au kutokula ni wake yeye. Hauwezi kuwa wa mpishi. Ndiyo maana nawasihi nyote: keki hii ikiwa na pombe, mgeni aambiwe kabla sahani haijafika mezani. Kumlisha mtu kitu alichojikataza, ati kwa sababu hakisikiki ulimini, ni kumvunjia heshima.

Sasa keki yako. Badala ya mililita 90 za tabaka jeupe, changanya maziwa mazito matamu ya kopo mililita 60 na kahawa nyeusi nzito mililita 30 iliyopoa, na uache kabisa sukari ya unga katika tabaka hilo. Ongeza iliki iliyotwangwa, nusu kijiko cha chai. Ninaipenda zaidi hii kuliko ile ya pombe, na sisemi hivyo kukuliwaza. Kahawa inapunguza utamu wa chokoleti nyeupe na iliki inaacha harufu yake mdomoni. Kwenye chokoleti ya juu weka kahawa mililita 30.

Mambo mawili zaidi. Vanila ya maji mara nyingi imetengenezwa kwa pombe, hivyo soma kibandiko au tumia ya unga. Jelatini nayo nyingine hutokana na nguruwe. Tafuta iliyoandikwa ni ya ng'ombe na yenye alama ya halali. Ukiikosa, tumia aga-aga ya unga, inayotokana na mwani: gramu 2 uzichemshe kwa dakika mbili ndani ya maziwa mililita 100, ukikoroga. Hii huganda ikiwa bado vuguvugu, kwa hiyo jibini lisiwe limetoka kwenye friji, na ufanye haraka.

Matabaka yangu yamechanganyika. Nilitaka mistari, nimepata madoa. (Msomaji, Tanga)

Ulikuwa na haraka, na joto la Tanga halimpi mtu nafasi ya haraka.

Tabaka jeusi likishamwagwa na kusawazishwa, liingie kwenye friji dakika 40, na kama friji imejaa au inafunguliwa kila saa, iwe saa nzima. Lipime kwa kidole: gusa katikati taratibu. Kidole kikitoka kisafi na juu pakabaki na alama ndogo tu, liko tayari. Kikitoka na chokoleti, lirudishe.

Tabaka jeupe usilimimine kutoka juu kwa mkupuo. Shika kijiko kikubwa kwa kukigeuza, mgongo juu, karibu kabisa na tabaka la chini, na mchanganyiko umwagikie juu ya ule mgongo ukienda pembeni wenyewe. Ukiona shimo linajichimba, umemimina kwa nguvu.

Chokoleti ya juu ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Inapendeza ikiwa ya moto na inatiririka, ndipo mtu anaimwaga, nayo inayeyusha tabaka jeupe lote. Subiri hadi ukidondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono usisikie moto wala baridi.

Usiache pia tabaka likae kwenye friji usiku mzima kabla ya kuweka la pili. Litatoa jasho juu, na siku ya kukata matabaka yatateleza na kuachana. Likishatoa jasho, lifute kwa karatasi ya jikoni kabla ya kuendelea.

Shikamoo. Jelatini yangu inakuwa nyuzi nyuzi. Na kwa nini tabaka jeusi halitiwi jelatini? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Nianze na la mwisho. Chokoleti nyeusi ina kakao nyingi, na mafuta ya kakao yakipoa hukaza yenyewe. Nyeupe ina sukari na maziwa zaidi, haina zile chembe kavu za kakao, na sisi tumeizidishia majimaji ya pombe. Bila msaada haitasimama.

Nyuzi zinatokana na jelatini ya moto kukutana na jibini la baridi. Nyunyiza jelatini juu ya vijiko viwili vya maji baridi, iache dakika tano ivimbe, kisha weka kibakuli chake juu ya maji ya moto hadi iwe angavu. Isichemke, kuchemka kunaipunguzia nguvu. Chota vijiko vitatu vya mchanganyiko wa jibini, ambalo limekaa nje ya friji walau nusu saa, uvikoroge ndani ya kile kibakuli cha jelatini. Vikishakubaliana, rudisha yote kwenye bakuli kubwa, koroga, ndipo utie krimu. Mwenye kufuata mpangilio huo hapati nyuzi.

Jibini laini huku ni la kutafuta kwa tochi, na bei yake inaogopesha. (Msomaji, Mbeya)

Tumia mtindi. Chukua mtindi mzito usio na sukari, lita moja na nusu, umimine kwenye kitambaa cha pamba kilichochemshwa, funga, uweke juu ya chujio lenye bakuli chini, ndani ya friji, usiku mzima hadi mchana wake. Utapata takriban gramu 600, kutegemea uzito wa mtindi wenyewe. Kitakachobaki kwenye kitambaa kiwe kinashika kijiko. Tia chumvi kidogo mno, ya kubana kwa vidole viwili, na uongeze sukari kidogo maana mtindi ni mchachu kuliko jibini. Yale maji yaliyochujika usimwage, kandia mkate au chapati.

Na kwa kuwa uko mkoa huo: kakao nyingi ya Tanzania hutoka Kyela. Ukipata unga wa kakao wa huko uliosagwa vizuri, tia vijiko viwili kwenye biskuti. Utaona tofauti.

Nilizidisha pombe hadi mililita 200 kwa sababu ladha ilikuwa hafifu. Haikuganda, tumekula kwa bakuli. (Msomaji, Arusha)

Mililita 200 ni majimaji mengi kuliko gramu 5 za jelatini zinavyoweza kushika. Usipandishe zaidi ya 100 katika tabaka jeupe. Anayetaka ladha kali awekewe kijiko kimoja cha pombe juu ya kipande chake, mezani. Jibini la baridi linafifisha ladha, kwa hiyo pia toa keki kwenye friji dakika 15 kabla ya kula.

Baileys au Amarula? Na chupa ikishafunguliwa inakaa muda gani? (Msomaji, Nairobi)

Baileys ni ya Ireland, iko sokoni tangu 1974, na ina wiski na ladha ya kakao, kwa hiyo inazama ndani ya chokoleti. Amarula ni ya Afrika Kusini, ilianza kuuzwa 1989, na msingi wake ni tunda la mng'ongo, mti unaoota porini hata huku kwetu. Ina uchachu kidogo wa matunda unaosikika vizuri kwenye chokoleti nyeupe. Kwa keki hii nachagua Amarula bila kusita.

Watengenezaji wa Baileys wanaihakikishia miaka miwili tangu siku ya kutengenezwa, iwe imefunguliwa au la, mradi ikae kati ya nyuzi 0 na 25. Nairobi unaweza kuiacha kabatini. Walioko Mombasa na Dar es Salaam waiweke kwenye friji.

Umeme ukikatika keki ikiwa kwenye friji? (Msomaji, Bukoba)

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika ubaridi kama saa nne. Umeme ukirudi ndani ya muda huo, hakuna tatizo. Keki ikikaa nje kwenye joto la kawaida, mwisho ni saa mbili. Kwenye joto linalopita nyuzi 32, saa moja. Pombe iliyomo ni kidogo, hailindi maziwa yasiharibike. Ikipita hapo itupe, hata ikinukia vizuri.

Nataka tabaka la pasheni juu badala ya chokoleti. Nilichanganya juisi yake na pombe ya krimu, ikakatika mabonge mabonge. (Msomaji, Nakuru)

Uchachu wa pasheni unakatisha protini ya maziwa iliyo ndani ya pombe, sawa na ndimu kwenye maziwa. Vitenganishe. Pombe ibaki kwenye tabaka jeupe. Juu weka juisi ya pasheni mililita 200 na sukari vijiko viwili, na jelatini gramu 4 iliyoyeyushwa kama nilivyoeleza kwa msomaji wa Dodoma. Mbegu chache ziache, zinapendeza. Imimine ikiwa imepoa kabisa lakini haijaanza kushika, kwa mgongo wa kijiko kama kawaida.

Ukitaka kubadilisha kuwa nanasi au papai, usiyatie mabichi. Yana vimeng'enya vinavyovunja jelatini, na utasubiri hadi kesho bila kuganda. Chemsha juisi yake dakika tano kwanza, iache ipoe, ndipo uitie jelatini. Siku ya kukata, chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, kata mara moja kwenda chini, kifute tena kabla ya kipande kinachofuata, la sivyo rangi ya chokoleti itapaka ule mstari mweupe.