Jibu: Ute tumboni uliotokana na kidole tumbo

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama mama yako hapo Moshi atolewe ute kwa sindano au apasuliwe. Sindano haitamfaa, maana ute huo, unaotengenezwa na uvimbe ulioanzia kwenye kidole tumbo, ni mzito kama jeli. Tiba yenyewe ni upasuaji mkubwa: kuondoa uvimbe wote unaoonekana, utando wa tumbo ulioathirika, mara nyingi na bandama, kisha tumbo huoshwa kwa dawa ya saratani, mara nyingi mitomaisini, yenye joto la nyuzi 41 hadi 43 kwa dakika 60 hadi 90.

Tafadhali, asipasuliwe nusunusu, yaani kutolewa sehemu tu ya uvimbe na ute. Makovu hushikanisha utumbo, ute hujificha humo, na upasuaji unaofuata huwa mgumu zaidi. Kama kinyama cha uvimbe kilipimwa hospitali ya KCMC, ombeni bloku na slaidi (vipande vyake vilivyohifadhiwa kwenye nta na kwenye vioo) ili vikaguliwe tena. Apigwe CT (picha za kompyuta) ya kifua, tumbo na nyonga, apimwe damu kwa viashiria vya saratani: CEA, CA 19-9 na CA-125. Bandama ikitarajiwa kutolewa, achanjwe dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo angalau wiki 2 kabla.

Uvimbe wa daraja la chini (usio mkali) ukiondolewa wote, zaidi ya nusu ya wagonjwa huishi miaka 10 au zaidi baada ya upasuaji. Hatari ya siku za mwanzo baada ya upasuaji ni utumbo kuvuja ulipoungwa. Akipata homa au maumivu mapya, aonwe na daktari siku hiyohiyo.